Bihogo Bado Yuko Uwanjani

Jamaa zangu wa Tabora, tangu nifike likizo siwezi kukaa kunywa kahawa bila mtu kuniuliza, "Mrisho, ni kweli ulizuia ndege angani kwa ajili ya ng'ombe?" Nikifika katikati ya jibu, mwingine anaingia, anavuta kiti, na kuniomba nianze upya. Nimechoka kuanza upya. Nimeyaandika yote hapa. Atakaye asome, asiyetaka aendelee kuwasikiliza waongo.

Kwanza niseme kazi yangu, maana wengine wenu bado mnadhani naendesha ndege. Siendeshi. Mimi nakaa katika kibanda kando ya uwanja wa ndege wa Bukoba, na redio mbele yangu. Rubani akikaribia ananiita. Namwambia upepo unatoka wapi, uwanja umekauka au umelowa, na kama kuna kitu njiani. Redio ile haina nafasi ya watu wawili kusema pamoja: ukibonyeza kitufe kusema, husikii neno. Kwa hiyo kila mmoja akimaliza anasema "ova," yaani nimemaliza, zamu yako. Ukielewa unasema "roja." Ndiyo kazi yote. Inataka adabu kuliko elimu.

Sasa, mwaka wa mkasa huu sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ilikuwa imeingia ng'ambo ya Mto Kagera na inakausha mazizi. Upande wetu, nyikani kupita Kaisho, ng'ombe walikuwa bado wazima, na idara ya mifugo iliamua kuwachanja kabla ugonjwa haujavuka. Dawa ile inasafiri ndani ya barafu. Kwa barabara barafu ingekuwa supu kabla ya kufika nusu ya njia, basi ikaamuliwa iende kwa ndege. Huko Kaisho palikuwa na kiwanja cha majani kilichoachwa na wachimba bati. Hapakuwa na redio. Wakubwa wakatazamana, kisha wakanitazama mimi.

Bukoba hadi Bugene

Tulikuwa watatu ndani ya lori: dereva, mimi, na bwana mifugo aitwaye Projestus, Mhaya wa Bukoba mwenye sauti ya padri na tumbo la mpishi. Yeye alijua Kinyambo, lugha ya huko tuendako. Mimi sikujua hata neno moja. Redio niliipakata mapajani. Betri yake, ile nzito yenye asidi, ilikaa miguuni kwa Projestus.

Lori lilikwenda vizuri mpaka lilipoacha kwenda vizuri. Tulivuka mto pale Kyaka, tukaanza kupanda milima ya Karagwe, na kwenye kona moja ya utelezi springi ikakatika kwa mlio wa bunduki. Betri ikalala ubavu. Asidi ikamwagikia viatu vya Projestus, na mtu yule mnene akaruka nje ya lori kabla halijasimama.

"Viatu vyangu vya Jumapili!" alilia, akivivua na kuvitupa majanini.

"Kwa nini umevaa vya Jumapili siku ya Jumanne?"

"Kwa sababu ya ndege, bwana! Utaipokea ndege kwa ndala?"

Tulingoja pale siku nzima. Jioni likapita lori la kahawa, likatubeba juu ya magunia mpaka Bugene, Projestus akiwa peku na mimi nikiikumbatia redio kama mtoto mwenye homa. Dereva tulimwacha na gari lake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale aliyotuambia tulipoondoka siwezi kuyaandika.

Bugene

Betri ilikuwa imebaki na asidi nusu. Misheni moja ya karibu ilikuwa na asidi na mashine ya umeme, lakini kuichaji kungechukua siku mbili. Tukapangiwa malazi kwa mama mmoja mjane, Paskazia, mwenye kibanja kikubwa cha ndizi na kahawa.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hiyo ni redio?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri sana. Ifungue tusikie nyimbo."

Nikamweleza kwamba redio hii haina nyimbo. Ni ya kusema na ndege tu, na betri ikiwa haipo haisemi hata na ndege. Mama Paskazia akaizunguka mara moja, akaitazama kwa huruma.

"Kumbe ni bubu," akasema, akaenda jikoni.

Chakula kilikuwa ndizi zilizopikwa na maharage, juu yake senene waliokaangwa, kwa kuwa ulikuwa msimu wao. Ninyi mnanijua. Mimi mtu wa wali na mihogo, nilikuwa sijawahi kula mdudu kwa kukusudia. Nilifumba macho nikatia mmoja mdomoni, na baada ya hapo Projestus ndiye aliyelazimika kuuvuta ungo upande wake.

Balaa lilitoka kwingine. Wakati wa kula nilikuwa nikimfundisha Projestus adabu ya redioni, ili siku ya siku anisaidie, na Mama Paskazia alisikiliza kwa makini. Akauliza maana ya "ova." Nikamwambia, "Maana yake mimi nimemaliza, sasa ni zamu yako."

Basi sahani yangu ilipokwisha nikasema kwa furaha, "Nimeshiba mama. Ova!"

Akanijazia ndizi nyingine.

"Mama, nimeshiba kweli. Ova."

Akajaza tena. "Si umesema zamu yangu?"

Projestus alikuwa anacheka mpaka maharage yanamtoka puani. Kwa siku mbili nyumba ile haikusema lolote bila ova. Mama Paskazia alimwita jirani juu ya ua: "Niletee chumvi, ova!" na jirani akajibu, "Sina, ova!" Nilichokiona, na nawaambia kwa dhati, ni kwamba siku zile mbili hakuna mtu aliyemkatiza mwenzake. Hata mashemeji wawili waliokuwa wakigombea mpaka wa migomba walikaa barazani wakagombana kwa zamu, na ugomvi ukaisha mapema kwa kukosa ladha.

Bugene hadi Kaisho

Betri ilijaa Ijumaa, lakini lori halikuja. Ndege ilikuwa ije Jumatatu asubuhi, na sasa ilikuwa Jumamosi. Mama Paskazia akatutafutia wanaume wanne wenye mabega, na kwa kuwa hatukuwa na kitu kingine cha kubebea, tukaazima machela ya kijiji, ile inayochukulia wagonjwa. Tukalaza redio na betri ndani yake. Nikahofia vumbi, nikaifunika kwa blanketi. Nikahofia blanketi litapeperuka, nikaizungushia kamba. Tukaondoka, wabebaji mbele, mimi nyuma, Projestus akichechemea katika ndala za kuazima.

Mtu wa kwanza tuliyekutana naye alikuwa mzee mwenye baiskeli. Alishuka, akavua kofia, akasimama kando ya njia mpaka tulipopita. Nikasema moyoni, watu wa huku wana heshima.

Wa pili alikuwa bibi kizee aliyebeba kuni. Alizitua, akauliza kwa Kinyambo. Projestus akanitafsiria: "Anauliza, hali yake vipi?"

Mimi nikadhani anauliza habari za chombo. "Mwambie tangu Jumanne hakijasema kitu."

Projestus akamwambia. Bibi akashika kifua. Akauliza tena.

"Anauliza ni nini hasa."

"Asidi ya ndani ilimwagika, lakini imejazwa nyingine."

Bibi yule aliziacha kuni zake njiani akatufuata. Kwenye kijiji kilichofuata walitufuata wanne. Mbele yake wakaongezeka kumi, na mwalimu mmoja wa dini mwenye kitabu cha nyimbo. Mama mmoja akaja mbio na kibuyu cha uji, akasikitika sana nilipomwambia kupitia Projestus kwamba huyu hali chochote. Nyuma yangu wakaanza kuimba polepole, wimbo wa sauti nne, mzuri kiasi kwamba nami machozi yalinilenga, nikimlilia sijui nani.

"Projestus," nikanong'ona, "hawa watu wanakwenda wapi?"

Projestus akageuka, akaitazama machela, lile blanketi, zile kamba, na lile kundi. Nikaona uso wake unabadilika rangi.

"Mrisho, ndugu yangu. Wanafikiri tumebeba mgonjwa."

"Waambie basi!"

"Niwaambie nini? Mwalimu ameshamwombea mara mbili!"

Tukakubaliana kwa woga kukaza mwendo. Nao wakakaza mwendo. Tulifika Kaisho jua likizama, tukiwa watu karibu hamsini. Pale ikabidi nifungue kamba. Nikafunua blanketi.

Bibi wa kuni alisogea, akalitazama lile sanduku la chuma lenye vifundo vya kuzungusha. Kisha akaniangalia mimi kwa muda mrefu sana. Nikaona nisipofanya jambo tutapigwa, nikaunganisha betri, nikatundika waya juu ya mti, nikabonyeza kitufe na kuita Bukoba. Ikakoroma, ikapiga mluzi, na sauti ikatoka: "Kaisho, nakusikia vizuri. Ova."

Watu wakashangilia. Mwalimu wa dini akanishika mkono kwa unyenyekevu wa mtu asiyetaka sifa. "Tangu Jumanne alikuwa hasemi," akasema. Yule mama akaleta uji tena, na safari hii niliunywa mimi kwa niaba ya mgonjwa.

Nyikani

Kiwanja kilikuwa mbele ya Kaisho, mahali migomba inapoisha na nyika inapoanza kushuka kuelekea mtoni. Jumapili nzima tulifyeka majani na kufukia mashimo. Sheria inataka pawe na mfuko wa kitambaa juu ya mti, wa kumwonyesha rubani upepo. Mfuko haukuwapo. Nikatoa suruali yangu ya pili, nikaitundika mlingotini, miguu ikijaa upepo kama mtu anayekimbia.

Projestus alikuwa ametuma habari kwa wafugaji: walete ng'ombe mahali ndege inapotua, Jumatatu, wachanjwe. Yeye alimaanisha karibu na hapo. Wao walielewa kama walivyoambiwa. Jumatatu nilipotoka kuutazama uwanja, sikuuona. Niliona pembe. Pembe ndefu, nyeupe, mamia kwa mamia, kutoka mwanzo wa kiwanja mpaka mwisho.

Tulikimbia huku na huku kama vichaa. Wafugaji hawakuwa na haraka, lakini walikuwa na utaratibu. Kila mmoja aliita ng'ombe wake kwa majina na ng'ombe wakamfuata. Uwanja ukawa wazi. Isipokuwa katikati, kidogo upande wa juu, ambapo ng'ombe mmoja mwekundu alikuwa amelala, na kando yake mzee mrefu amechuchumaa.

Huyo ndiye Mzee Kamuhanda, na ng'ombe ndiye Bihogo. Bihogo alikuwa anazaa.

"Shikamoo mzee. Tafadhali, ndege inakuja. Tumsogeze kidogo."

Mzee aliniitikia, kisha akajibu kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mwanangu, sotoka ilipokuja zamani ilimaliza zizi la baba yangu. Ikaacha mtamba mmoja. Hawa wote unaowaona ni uzao wake, na huyu ndiye anayefanana naye. Ukimsukuma sasa atakufa yeye na kilichomo ndani. Hasogei."

"Lakini dawa yenyewe ya sotoka iko ndani ya ndege!"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja tangu usiku. Naitaka hiyo dawa kuliko wewe." Akampapasa Bihogo shingoni. "Lakini hasogei."

Nikasikia injini. Nikakimbilia redioni. Rubani alikuwa Mzungu aliyekulia mashambani Kenya, na alijivunia sana Kiswahili chake. Nawaandikia neno kwa neno.

"Kaisho, mimi iko karibu. Iko kitu kwa uwanja? Ova."

"Zunguka kwanza. Bihogo bado yuko uwanjani. Ova."

"Roja. Bihogo nataka ondoka saa ngapi? Ova."

"Hawezi kuondoka. Ova."

"Bihogo iko namna gani? Ova."

"Mwekundu, mkubwa. Ova."

"Iko na mafuta? Ova."

Nikageuka kumtazama Bihogo. "Mengi sana. Amenona. Ova."

"Watu ngapi ndani? Ova."

"Mmoja tu," nikasema, "na ameanza kutoka. Miguu imeshaonekana. Ova."

Sauti ya rubani ikapanda. "Natoka mlango gani? Ova!"

"Wa nyuma. Mzee anamvuta. Ova."

"Mungu wangu! Iko damu? Ova!"

"Kidogo, ya kawaida. Ova."

Mtaniuliza kwa nini sikusema ni ng'ombe. Ndugu zangu, tangu alfajiri kila mtu alikuwa akinitajia Bihogo kama anavyotajwa bibi harusi. Bihogo ametulia, Bihogo apewe maji, msimsumbue Bihogo. Neno ng'ombe halikunijia hata kidogo. Nilidhani mtu aliye juu kule anamwona.

"Sikia, Kaisho," akasema. "Mimi iko na mafuta dakika kumi, halafu mimi narudi Bukoba. Barafu nageuka maji. Kama mimi narudi, dawa nakufa. Ova."

Hapo ndipo utani ulipoisha moyoni mwangu. Nilimtazama mzee, nikawatazama wale ng'ombe wote wamesimama kando ya uwanja na wafugaji wao, wakingoja. Nikamkabidhi Projestus kipaza sauti, nikakimbia mpaka mwanzo wa uwanja, nikaanza kuhesabu hatua kuelekea kwa Bihogo. Hatua mia nne na ishirini. Nikarudi mbio, pumzi hakuna.

"Uwanja wote huwezi kuupata," nikamwambia rubani. "Nusu ya chini iko wazi, hatua mia nne na ishirini, imekauka, haina shimo. Tua kutoka upande wa mtoni. Bihogo yuko mwisho wake. Ova."

"Upepo? Ova."

"Itazame suruali. Ova."

"Naona suruali. Mguu moja nasema mashariki, mguu ingine nasema kusini. Ova."

"Fuata wa kulia. Ule wa kushoto umechanika. Ova."

"Roja. Mimi nakuja."

Alikuja chini sana, magurudumu yakichana majani. Nilimtazama Mzee Kamuhanda. Alikuwa ameinuka, amesimama kati ya Bihogo na ndege, fimbo ameitandaza mabegani kwa mikono miwili, kama anayezuia fahali. Hakurudi nyuma hata unyayo. Ndege ilidunda mara moja, ikadunda tena, ikavuma, ikaserereka, ikasimama. Kati ya pangaboi lake la mbele na fimbo ya mzee hazikubaki hatua thelathini. Na katika ngurumo ile Bihogo alishtuka, akajikaza, ndama akaanguka majanini.

Rubani aliruka nje amebeba sanduku la dawa mkono mmoja na begi la huduma ya kwanza mkono wa pili, uso mwekundu, ameandaa matusi na bandeji kwa pamoja.

"Wapi rubani ya Bihogo?" alifoka.

Mzee Kamuhanda akasogea mbele, akavua kofia. "Ni mimi."

"Wewe? Na ile mtu natoka kwa miguu?"

Mzee akamwonyesha kwa fimbo. Ndama alikuwa anajaribu kusimama, anaanguka, mama yake akimlamba. Rubani alitazama ndama. Akamtazama Bihogo. Akanitazama mimi, nami nikaitazama suruali yangu. Kisha akaketi chini majanini na begi lake la bandeji, akacheka mpaka wafugaji wakamletea maziwa wakidhani amepatwa na kitu.

Barafu ilikuwa imebaki kipande cha ukubwa wa ngumi, lakini kilitosha. Tulichanja mpaka jua lilipoinama na kesho yake asubuhi tukamaliza. Projestus ameniandikia juzi: sotoka ilifika mtoni, ng'ombe wa ng'ambo waliisha, na zizi la Mzee Kamuhanda halikupoteza hata mmoja.

Kurudi

Lori halikuja kutuchukua, na sasa sikulitegemea. Projestus alibaki na ng'ombe wake. Rubani akaniambia, "Wewe nakwenda na mimi."

Sasa niwaambie siri. Miaka saba nimeshusha ndege kwa maneno, na nilikuwa sijawahi kupanda hata moja. Kila mtu Bukoba anadhani nimezipanda nyingi. Nilipanda kama mtu aliyezoea, nikafunga mkanda kwenye kitasa cha mlango, nikarekebishwa, tukaondoka. Migomba ya Kaisho ikawa mboga, na milima ya Karagwe ikawa matuta ya viazi.

Ziwa lilipoonekana, rubani akanivisha vile visikilizio vya masikioni. Nikasikia sauti ya Simoni, mwenzangu wa kibandani, mtu ninayegombana naye kila siku juu ya kiti kimoja chenye mto. "Nakuona," alisema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. "Upepo unatoka ziwani, hafifu. Uwanja uko wazi. Karibu. Ova."

Sikujua kwamba huko juu sauti ile inasikika hivyo. Rubani akanipa kipaza sauti: "Jibu wewe."

Nilibonyeza kitufe. Miaka saba ya kazi ikanitoka kichwani yote, kila sheria, kila neno. Nikasema, "Shikamoo."

Simoni ni mdogo kwangu kwa miaka sita.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia.